Bibi na mjukuu darasa moja

Binti wa miaka 14 amerudi nyumbani saa mbili usiku. Bibi yake amesimama mlangoni, na sauti imeshapanda kabla mtoto hajafungua mdomo. Mjukuu anajibu kwa jeuri, bibi anainua mkono. Hapo igizo linakatishwa, kisha linaanza upya. Safari hii bibi anavuta pumzi kwanza. "Nimekaa na hofu tangu jua lizame," anasema. "Ulikuwa wapi, mjukuu wangu?" Binti analegeza uso, anaeleza.

Maigizo ya namna hii ndiyo roho ya Sinovuyo Teen, mafunzo ya malezi yaliyojaribiwa katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Jina lake ni la Kixhosa, maana yake "tuna furaha". Mlezi na kijana wake walihudhuria vikao 14, kimoja kila wiki, vingi vyao wakiwa pamoja. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo.

Sisi husema samaki mkunje angali mbichi, na wengi wetu tumeifanya methali hiyo ruhusa ya bakora. Wengine wakimtazama kijana wa miaka 15 huona samaki aliyekwisha kukauka. Mpango huu uliwalenga hasa vijana wa miaka 10 hadi 18, na haukumkunja kijana peke yake. Mlezi naye alijifunza kutenga muda wa kukaa na mtoto, kumsifu anapofanya vema, kutuliza hasira, na kupanga kanuni za nyumba kwa kushauriana. Kisha wote wawili walirudi nyumbani na zoezi la kufanya wiki nzima.

Kilicho adimu zaidi ni somo la fedha. Ukali wa nyumbani mara nyingi huanzia kwenye chungu kitupu: unga umekwisha, deni limeiva, halafu mtoto anaomba hela ya daftari. Kwa hiyo walezi na vijana walikaa pamoja kupanga bajeti na akiba ya familia. Kijana anayeijua hesabu ya nyumbani anaelewa kwa nini ameambiwa "subiri", na mzazi anapungukiwa sababu moja ya kufoka.

Je, mafunzo hayo yalifaa? Watafiti wakiongozwa na Lucie Cluver wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia familia 552 katika vijiji na mitaa 40, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Miezi mitano hadi tisa baada ya mafunzo, unyanyasaji uliotajwa na walezi ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 45 kuliko kwa familia ambazo hazikupata mafunzo hayo. Msongo wa walezi ulipungua, na vijana walisema matumizi yao ya pombe na dawa za kulevya yamepungua. Lakini vijana walipoulizwa wenyewe kuhusu unyanyasaji, tofauti haikuwa ya wazi hivyo, na utundu wao haukupungua. Ni muhimu kulitaja hilo, kwa sababu sauti ya mtoto ndiyo inayopaswa kupimwa kwanza.

Mafunzo hayo yalifika Tanzania kwa jina la Furaha Teens, yakafikia maelfu ya familia. Uhitaji ulikuwapo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watoto nchini walikuwa wakipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Jambo moja dogo la Eastern Cape linastahili kuigwa popote. Familia iliyokosa kikao, iwe kwa ugonjwa, msiba au kibarua, haikufutwa kwenye orodha. Mwezeshaji aliifuata nyumbani, akaketi na mlezi na kijana wake, akawapitisha kwenye somo lililowapita.