Meja Barttelot na Maniema: kweli au uongo?

Alifika Kasongo, Maniema, kumsihi Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ampe wapagazi. Uongo. Aliyepandisha mto Lualaba mpaka Kasongo mwaka 1888 ni mwenzake wa msafara, James Jameson, mtu wa ukoo wa watengeneza wiski wa Ireland. Meja Edmund Barttelot alibaki huko chini, mara Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, mara kambini Yambuya kwenye mto Aruwimi. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta nyayo zake Kasongo.

Alikuwa askari wa kuokotwa tu. Uongo mtupu. Alizaliwa Sussex mwaka 1859, baba yake Sir Walter Barttelot, mbunge na mwenye ardhi. Alisoma Rugby, akapita Sandhurst, akaingia kikosi cha Royal Fusiliers mwaka 1879. Alipigana Afghanistan, Misri mwaka 1882, kisha kwenye msafara wa Nile. Hajafika miaka 30, tayari ni meja. Ila jeshini askari hula posho na hutii amri. Yambuya aliachiwa na Stanley, mpelelezi aliyeongoza msafara wao, wapagazi wenye njaa, waliokufa kwa makumi kwa muhogo usioandaliwa vizuri, na kiboko kikawa karibu naye kuliko maneno.

Tippu Tip alimnyima watu. Nusu kweli. Wapagazi 600 walikuwa wameahidiwa, lakini kwa sharti la baruti kutoka kwa Stanley, na juu ya baruti hiyo pande mbili hazikuelewana. Mwishowe, Juni 1888, walipatikana Wamanyema wapatao 400 chini ya Muni Somai. Maniema ambayo meja hakuifikia ikamfuata kambini.

Aliuawa vitani. Uongo. Tarehe 19 Julai, alfajiri, huko Unaria (Banalya), mwanamke wa Kimanyema alikuwa akipiga ngoma na kuimba. Meja akatoka kumnyamazisha. Mumewe, Sanga, akamfyatulia bunduki. Sanga alikamatwa, akahukumiwa Stanley Falls, akapigwa risasi Agosti. Kusema Tippu Tip alipanga kifo hicho ni kumpa sifa ya mtabiri.

Stanley alimtupia marehemu lawama. Kweli, na si kidogo. Ndugu yake, Walter George, alijibu mwaka 1890 kwa kuchapisha shajara na barua za Edmund. Kitabu kile kina mengi kuhusu Yambuya, mradi msomaji akumbuke kwamba aliyekiandaa alikuwa akimtetea nduguye.