Hisabati ya Kidato cha Tano: Mwanafunzi Achague Ipi?

Kila mwaka, kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mwanafunzi wa Tanzania hutakiwa kujaza fomu ya kuchagua tahasusi, yaani kundi la masomo matatu atakayoyasoma katika kidato cha tano na cha sita iwapo atafaulu. Wakati huo aghalabu ana umri wa miaka 16 au 17. Matokeo yake hayajatoka, na yamkini hajapata kuzungumza hata mara moja na mhandisi, mpima ardhi au mtaalamu wa takwimu. Hata hivyo, herufi tatu atakazoziandika katika fomu hiyo zitaamua kwa kiasi kikubwa ni vyuo gani vitampokea na kazi gani ataweza kuisomea. Katika jambo hili hakuna somo lenye uzito mkubwa kuliko hisabati.

Hadi kidato cha nne mwanafunzi hana la kuchagua. Hisabati ya Msingi ni somo la lazima kwa wote, naye hulisoma apende asipende. Ni somo linalowashinda wengi: katika mtihani wa mwaka 2022, kwa mfano, takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyelifaulu. Si ajabu basi kwamba wengi hulichagua au kulikimbia somo hili katika kidato cha tano kwa kuongozwa na hofu, na wachache kwa kuongozwa na fahari. Yote mawili ni washauri wabaya.

Njia tatu

Baada ya kidato cha nne njia hugawanyika mara tatu.

Njia ya kwanza ni Hisabati ya Juu. Hii ni mojawapo ya masomo matatu makuu katika tahasusi kama PCM, yenye Fizikia, Kemia na Hisabati. PGM, yenye Fizikia, Jiografia na Hisabati. Na EGM, yenye Uchumi, Jiografia na Hisabati. Mtihani wake wa taifa una karatasi mbili, na kila karatasi ni ya saa tatu. Humo mna aljebra, trigonometria, vekta, namba changamano, mantiki, uwezekano, takwimu, na sehemu kubwa ya kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko.

Njia ya pili ni Hisabati Tumizi ya Msingi, ijulikanayo shuleni kwa herufi BAM. Hili ni somo la nyongeza kwa wanafunzi ambao tahasusi zao hazina Hisabati ya Juu lakini zinahitaji hesabu, kama vile PCB, CBG na HGE. Mtihani wake una karatasi moja, na alama zake hazihesabiwi katika kupanga daraja la ufaulu wa mwanafunzi. Humo pia mna kalkulasi, takwimu, uwezekano, matriki na vipeo, ila kwa kina kidogo zaidi na kwa kuelekezwa katika matumizi.

Njia ya tatu ni ya wale wanaoagana na hisabati kabisa, kama wasomao HKL, yaani Historia, Kiswahili na Lugha ya Kiingereza.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 2024 Serikali ilitangaza orodha mpya ya tahasusi, iliyo ndefu kuliko ile ya zamani. Kwa hiyo mwanafunzi asitegemee kumbukumbu za kaka au dada yake aliyemtangulia, bali aisome orodha ya mwaka wake mwenyewe.

Tofauti ilipo

Watu wengi hudhani kwamba Hisabati ya Juu ni BAM iliyoongezwa ugumu, kama vile mzigo wa kilo 50 ulivyo mzito kuliko wa kilo 10. Dhana hiyo si sahihi. Masomo haya mawili yanatofautiana katika swali linaloulizwa. Mfano mmoja utaonyesha jambo hilo.

Ichukuliwe kwamba mgonjwa amepewa miligramu 400 za dawa fulani, na kwamba kila baada ya saa nne mwili wake huondoa nusu ya dawa iliyobaki katika damu. Baada ya saa nne zitabaki miligramu 200. Baada ya saa nane, 100. Baada ya saa 12, 50. Sasa, ikiwa mgonjwa huyo anapewa miligramu 400 nyingine kila baada ya saa nne, je, dawa itazidi kulundikana mwilini hadi imdhuru?

Mwanafunzi wa BAM ana zana za kulijibu swali hili. Mara tu baada ya dozi ya kwanza mna miligramu 400. Baada ya dozi ya pili mna 600, kwa sababu 200 zilikuwa zimebaki. Baada ya dozi ya tatu mna 700, ya nne 750, ya tano 775. Ongezeko linapungua kwa nusu kila mara, na jumla inaikaribia 800 bila kuivuka. Kumbe lipo dari. Daktari au mfamasia mwenye kuielewa dari hiyo anajua pia kwamba akiongeza dozi maradufu, dari nayo itapanda maradufu. Maarifa hayo ni ya maana sana, na yanaweza kuokoa maisha ya mtu.

Mwanafunzi wa Hisabati ya Juu hutakiwa kuuliza swali jingine: kwa nini dawa ipungue kwa nusu kila baada ya muda ule ule? Huanza na dhana moja tu, kwamba kasi ya kupungua kwa dawa inawiana na kiasi cha dawa kilichopo. Huiandika dhana hiyo kwa mlinganyo unaounganisha kiasi na kasi ya kubadilika kwake, kisha huufumbua mlinganyo huo mpaka kanuni ya nusu ijitokeze yenyewe. Baada ya hapo hugundua kwamba mlinganyo ule ule unaeleza jinsi chai ya moto inavyopoa na jinsi madini yenye mnururisho yanavyofifia. Wa kwanza amejifunza kuitumia kanuni kwa akili. Wa pili amejifunza inakotoka, na jinsi ya kuunda nyingine pale ambapo hakuna aliyemtangulia.

Taifa linawahitaji wote wawili. Mganga, mtaalamu wa kilimo na ofisa wa misitu hukutana na kanuni kila siku, na hapana budi wajue kuzitumia pasipo kudanganyika. Mhandisi wa madaraja, mtabiri wa hali ya hewa na mtaalamu wa kompyuta hutakiwa mara kwa mara kuziunda au kuzirekebisha.

Milango inayofunguka na inayofungwa

Ili kujiunga na shahada katika chuo kikuu, mwanafunzi anayetoka kidato cha sita huhitaji, kwa kiwango cha chini kabisa, ufaulu kamili katika masomo makuu mawili, yaani alama kuanzia A hadi E. Lakini kila fani ina masharti yake. Uhandisi kwa kawaida hudai ufaulu katika Hisabati ya Juu na Fizikia. Shahada ya hisabati yenyewe haiwezi kusomwa bila Hisabati ya Juu. Udaktari wa binadamu, kwa upande wake, hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia, wala haudai Hisabati ya Juu. Kati ya pande hizo mbili zipo fani nyingi, hasa za uchumi, biashara na sayansi za jamii, ambazo baadhi yake hukubali ufaulu katika BAM au ufaulu mzuri wa hisabati ya kidato cha nne.

Kutokana na hayo makosa ya aina mbili hutendeka. Kosa la kwanza ni la mwanafunzi mwenye uwezo anayeikimbia Hisabati ya Juu kwa woga, kisha miaka miwili baadaye akatamani uhandisi. Mlango umefungwa, na BAM haiwezi kuufungua. Kosa la pili ni la mwanafunzi anayeichukua Hisabati ya Juu kwa sababu PCM husifiwa shuleni kuwa ni tahasusi ya vichwa vikali. Huyu akiambulia alama ya S au F, amepoteza nguzo moja kati ya tatu alizokuwa akizitegemea, na mara nyingi Fizikia nayo imedhoofika kwa kukosa muda. Laiti angalichukua tahasusi iliyomfaa, pengine angalifaulu masomo yote matatu.

Aliyekwisha kukosea hana haja ya kukata tamaa. Vyuo vya ufundi, kama Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha, hutoa stashahada za uhandisi kwa wanaotoka kidato cha nne, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea hadi shahada. Hata shuleni, mabadiliko ya tahasusi huweza kuruhusiwa katika majuma ya mwanzo ikiwa nafasi ipo na mkuu wa shule ameridhika. Lakini kila juma linalopita huufanya uhamisho kuwa mgumu zaidi, hasa kwa anayetaka kuhamia Hisabati ya Juu, kwa kuwa kila mada mpya hujengwa juu ya ile iliyotangulia.

Jaribio la kujipima

Alama za kidato cha nne ni kipimo cha lazima, ila hazitoshi peke yake. Zipo alama nzuri zilizopatikana kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita, na zipo alama za wastani za mtoto aliyekaa miezi mingi bila mwalimu wa hisabati. Jaribio lifuatalo laweza kufanywa nyumbani kwa kalamu na karatasi.

Chukua kipande cha kadibodi chenye umbo la mraba, kila upande sentimita 30. Katika kila pembe kata mraba mdogo, miraba yote minne iwe sawa, kisha kunja kingo ili upate sanduku lisilo na kifuniko. Je, mraba mdogo uwe na upande wa sentimita ngapi ili sanduku liwe na ujazo mkubwa kuliko yote?

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kujaribu namba moja baada ya nyingine. Akikata sentimita 4, ujazo ni sentimita za ujazo 1,936. Akikata 5, ni 2,000. Akikata 6, ni 1,944. Jibu ni 5. Aliyeweza kufika hapo kwa utaratibu, bila kusaidiwa, anao msingi wa kutosha kwa BAM na hana sababu ya kuiogopa.

Lakini yuko mwanafunzi ambaye hataridhika. Atauliza kwa nini iwe 5 na si 4.9 au 5.1. Atajaribu kadibodi ya sentimita 60, aone kwamba jibu ni 10, na atashuku kwamba siku zote ni sehemu moja ya sita ya upande. Kisha atataka kulithibitisha hilo kwa kadibodi ya ukubwa wowote. Mwanafunzi huyo anaulizia Hisabati ya Juu hata kama hajui jina lake. Akiwa na alama nzuri pia, ni hasara kwake na kwa taifa kumwelekeza kwingine.

Wajibu wa mzazi na mwalimu

Mara nyingi anayeelekezwa kwingine ni msichana, ambaye huambiwa waziwazi au kwa kunong'onezwa kwamba hisabati si kazi yake. Ushahidi wa kinyume upo humu nchini. Verdiana Masanja, aliyezaliwa mwaka 1954, alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1986 alihitimu shahada ya uzamivu mjini Berlin, Ujerumani, kwa utafiti kuhusu mtiririko wa vimiminika katika mabomba. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada hiyo katika hisabati.

Kwa hiyo mzazi asiseme, "Hata mimi hesabu zilinishinda," kana kwamba kushindwa hurithiwa. Wala asimlazimishe mwanawe kuchukua PCM ili apate la kujivunia mbele ya majirani. Mwalimu naye amtazame mwanafunzi anavyofanya kazi: je, akikosa swali hulirudia mpaka alielewe, au hunakili jibu la mwenzake na kuendelea? Katika Hisabati ya Juu tabia hii ina uzito kuliko wepesi wa kukokotoa.

Mwanafunzi mwenyewe na afanye mambo matatu kabla ya kujaza fomu. Kwanza, aandike kazi mbili au tatu anazozitamani, kisha atafute masharti ya kujiunga na masomo ya kazi hizo kama yalivyochapishwa na vyuo. Pili, ajipime kwa haki, kwa alama zake na kwa maswali mapya asiyopata kuyaona. Tatu, aulize kama shule anayoitaka ina mwalimu wa Hisabati ya Juu, maana tahasusi nzuri isiyo na mwalimu ni kisima kisicho na maji.

Baada ya matokeo kutoka, ayaangalie upya hayo yote. Katika miaka ya karibuni wanafunzi wamekuwa wakipewa muda wa kubadilisha chaguo lao baada ya matokeo, na muda huo ni mfupi. Aliyejiandaa mapema ataweza kuutumia.