Kuomba chuo mapema Marekani: asilimia kubwa, lakini nafasi nyingi zina wenyewe

UVIRA – Mwanafunzi wa Nyamianda anayetafuta chuo Marekani kupitia simu yake hukutana haraka na namba yenye kuvutia. Katika vyuo vingi vyenye kuchagua sana, wanaoomba mapema hupokelewa kwa asilimia kubwa kuliko wanaoomba Januari, mara nyingine mara mbili au zaidi. Wazo linalofuata ni rahisi: niombe mapema, nitapita. Lakini hesabu hiyo ina watu ambao nafasi zao zilikwisha kupangwa kabla.

Utaratibu wenyewe huitwa kwa Kiingereza Early Decision, yaani uamuzi wa mapema. Mwanafunzi anachagua chuo kimoja tu, anatuma ombi kabla ya tarehe 1 au 15 Novemba, na jibu linatoka katikati ya Desemba. Akikubaliwa, ameahidi kwenda huko na anafuta maombi mengine yote. Anaweza kujitoa ikiwa msaada wa pesa aliopewa hautoshi.

Kwa Kongo, Novemba ni mwanzo tu wa mwaka wa masomo. Mtihani wa serikali, Exetat, bado uko mbali. Kwa hiyo chuo kinaangalia buletini za miaka iliyopita, barua za walimu na kiwango cha Kiingereza.

Wanamichezo ndio wanaogeuza hesabu. Chuo cha Williams, katika jimbo la Massachusetts, kina wanafunzi 2,000 hivi na timu zaidi ya 30. Timu hizo lazima zijazwe kila mwaka. Hapo hakuna skolashipu ya michezo, lakini kocha anaweza kupeleka jina la mchezaji kwenye ofisi ya kupokea wanafunzi. Mara nyingi alama za mchezaji hupitiwa miezi mitatu au minne kabla ya Novemba. Akionekana anafaa, anaambiwa aombe mapema.

Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Watu 600 wanaomba mapema, chuo kinakubali 240. Hiyo ni asilimia 40. Lakini kama 100 kati yao ni wanamichezo walioitwa na makocha, na wote wamepita, wanabaki watu 500 wanaogombea nafasi 140. Asilimia imeshuka hadi 28. Ukiondoa pia watoto wa waliosoma hapo zamani, inashuka tena. Na mwanafunzi wa kigeni anayehitaji kulipiwa karibu kila kitu anaweza kuwa katika kundi dogo zaidi, kwa sababu vyuo vingi huangalia uwezo wa familia ya kigeni kabla ya kuamua.

Ukubwa wa pengo hilo ulionekana mahakamani Boston mwaka 2018, katika kesi dhidi ya chuo kikuu cha Harvard. Takwimu zilizotolewa zilionyesha kwamba wanamichezo walioitwa na makocha walikubaliwa kwa karibu asilimia 86. Waombaji wasio wanamichezo, wasio na mzazi aliyesoma au kufanya kazi pale, na wasio kwenye orodha maalumu ya chuo, walikuwa chini ya asilimia 6.

Tena, michezo mingi inayotafutwa haichezwi Uvira: hoki ya barafu, lakrosi, skwoshi. Vijana wa Kalundu wanapiga kasia ziwani tangu utotoni, lakini kocha wa Marekani anataka muda uliopimwa kwenye mashine na matokeo ya mashindano. Njia zilizo karibu zaidi ni mbio, basiketi na futiboli, na hapo pia kocha anataka vipimo na video.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia hiyo. Mwaka 2004 Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, na mwandishi John Manners walianzisha KenSAP. Walichukua wanafunzi wenye alama za juu kabisa kutoka Bonde la Ufa, wakawapima kwenye mita 1,500, wakawaandaa mjini Iten. Wengi walifika Harvard, Yale, Princeton na kwingineko. Lakini wachache tu ndio waliong'ara kwenye mbio. Kilichowafungulia wengi mlango ni alama.

Mkongo Dikembe Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987 na skolashipu ya masomo, akitaka kuwa daktari. Mwaka wa kwanza hakuchezea timu. Alimaliza 1991 na shahada za isimu na diplomasia, ndipo akaingia NBA.

Basi kabla ya kutuma ombi la Novemba, mwanafunzi na wazazi wajiulize: kuna kocha aliyeandika jina langu? Kama hayupo, asilimia iliyotangazwa si yangu. Chuo hiki kinakubali wageni bila kuangalia mfuko wa mzazi? Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hufanya hivyo. Na je, niko tayari kufungwa na chuo kimoja bila kulinganisha misaada? Familia isiyoweza kuongeza hata dola mia tano ina sababu ya kuuliza swali hilo la mwisho mara mbili.