Kabla ya kuchagua chuo, pima jioni na wikendi zake

MATOKEO ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, familia nyingi katika kaunti za Kericho na Bomet huketi kujadili mambo mawili: kijana asomee kozi gani, na karo itatoka wapi. Jambo la tatu, yaani ataishi vipi na nani huko aendako, aghalabu huachwa hadi siku ya kufunga sanduku.

Wazazi wengi huliona kuwa suala la anasa. Husema mtoto anaenda kusoma, si kustarehe. Vijana nao hutumia kipimo kimoja tu: jiji lina raha, chuo cha mashambani kimepooza. Pande zote mbili zinakosea, na kosa hilo laweza kuigharimu familia pesa na miaka.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Wiki ina saa 168. Mwanafunzi mwenye ratiba nzito ya saa 30 za mihadhara na maabara, akilala saa nane kila usiku, hubakiwa na saa 82 ambazo hakuna mhadhiri anayempangia. Hiyo ni karibu robo tatu ya muda anaokuwa macho. Katika saa hizo ndimo anamopata marafiki wa kudurusu nao, au anamoingia upweke, kamari na ulevi.

Msomi wa Marekani, Vincent Tinto, ambaye alianza kuchapisha nadharia yake kuhusu suala hili mnamo 1975, alieleza kwamba wanafunzi wengi hawaachi chuo kwa sababu ya kushindwa na masomo pekee. Huondoka pia kwa kukosa kujihisi kuwa sehemu ya jamii ya chuo. Tinto aliandika akiwazia vyuo vya kwao, lakini mzazi yeyote ambaye mwanawe aliwahi kurudi nyumbani katikati ya muhula bila sababu ya kueleweka atatambua anachozungumzia.

Jina la mji si mahali pa kuishi

Kwa miaka mingi elimu ya chuo kikuu nchini ilikuwa ya jijini. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi kamili mwaka 1970, kiko katikati ya jiji. Mambo yalibadilika baada ya jopo lililoongozwa na Colin Mackay kupendekeza, mwaka 1981, kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili ambacho kingetilia mkazo teknolojia na maendeleo ya mashambani. Ndipo Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa mwaka 1984, na bewa lake kuu likajengwa Kesses, mbali na mitaa ya Eldoret.

Vyuo vya eneo la majani chai vilizaliwa na chuo hicho. Kabianga kilikuwa bewa la Moi, kisha chuo kikuu kishirikishi, kabla ya kutunukiwa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Chuo cha Bomet nacho kilianzishwa mwaka 2017 kikiwa kishirikishi cha Moi.

Kwa hivyo, kijana anayesoma katika barua yake kwamba ameitwa Kabianga, Kericho, asidhani ataishi mjini Kericho. Bewa kuu liko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, kati ya mashamba ya chai na vijiji vya wakulima. Huko jamii yake ya kila siku ni bewa lenyewe pamoja na kituo cha biashara kilicho karibu. Bomet ni tofauti kwa kuwa chuo kiko karibu na mji, ingawa mji wenyewe ni mdogo.

Udanganyifu huo wa jina upo hata Nairobi. Mwanafunzi wa bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hutembea kwa miguu hadi Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, au wa JKUAT kule Juja, hulazimika kupanda matatu na kustahimili msongamano wa barabara ya Thika ili afike papo hapo. Wote husema wanasoma Nairobi, lakini jioni zao hazifanani.

Jioni yenye mvua

Kipimo cha kwanza, basi, ni jioni. Mzazi anayezuru chuo saa nne asubuhi huona majengo, nyasi zilizofyekwa na wanafunzi wakielekea darasani. Haoni kinachotendeka saa moja usiku.

Katika nyanda za Kericho na Bomet, hali ya hewa ni sehemu ya maisha ya jamii. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na nyanda za juu na kuleta mvua karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na si nadra ikawa ya mawe. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha chai. Lakini pia ndiyo inayofuta mazoezi ya kandanda na mikutano ya vyama vya wanafunzi inayofanyika nje.

Kwa sababu hiyo, swali la maana si kama chuo kina uwanja mzuri. Ni kama kina paa. Je, kuna ukumbi unaofunguliwa jioni kwa wanafunzi? Maktaba hufungwa saa ngapi? Stima ikipotea, kuna jenereta? Mahali pasipo na makao ya pamoja, kila mtu hujifungia chumbani mwake na simu yake, na hivyo ndivyo upweke unavyoanza.

Aidha, ni vyema kuchunguza vyama vya wanafunzi kwa matendo yao badala ya majina. Orodha ndefu ubaoni haina maana iwapo chama cha uigizaji kilikutana mara ya mwisho miaka miwili iliyopita. Kwaya moja inayokutana kila Jumanne bila kukosa ina manufaa kuliko vyama 20 vya karatasini.

Ijumaa bewa linapohamwa

Kipimo cha pili ni wikendi, na hiki huwahusu hasa vijana wanaosomea karibu na kwao. Kijana wa Litein au Sotik aliyeitwa Kabianga au Bomet anaweza kurudi nyumbani Ijumaa na kurejea Jumapili jioni. Familia huokoa pesa za chakula, na kijana hupata maziwa ya nyumbani.

Hata hivyo, manufaa hayo yana gharama yake. Mwanafunzi anayelala nyumbani kila wikendi hukosa makundi ya kudurusu, mechi na ibada za pamoja. Isitoshe, nyumbani kuna ng'ombe wa kukamuliwa na chai ya kuchumwa, na ni vigumu kumwambia mzazi kwamba una kazi ya chuo ilhali anakuona umekaa. Baada ya miaka minne hupata shahada, lakini hana rafiki hata mmoja kutoka kaunti nyingine.

Wengi wakifanya hivyo, bewa zima huhamwa. Wanaoumia zaidi ni wale waliotoka mbali, kama vile Kilifi au Turkana, ambao hubaki wakitazamana na walinzi. Ndiyo maana mtu anayetaka kukijua chuo anapaswa kukizuru Jumamosi alasiri na kuhesabu waliosalia.

Suluhisho si kumkataza kijana kwenda kwao. Familia inaweza kukubaliana tangu mwanzo kwamba atarudi mara moja kwa mwezi, na kwamba siku nyingine ni za chuo.

Mfuko na nauli

Jiji lina mengi ambayo Kericho na Bomet hazina: maktaba kubwa, mihadhara ya umma, kumbi za sanaa na nafasi za kazi za muda. Lakini jiji humfaidi mwenye nauli. Asiye nayo huishi Nairobi kama aishivyo kijijini, ila bila jamaa wa kumpa chakula.

Chini ya mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023, mkopo wa kujikimu uliwekwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, kulingana na hali ya familia. Hata kile kiasi cha juu, kikigawanywa kwa miezi tisa ya masomo, ni takriban Sh6,700 kwa mwezi. Humo mna chakula, chumba, karatasi na sabuni. Kinachosalia ndicho cha kumpeleka mjini, na mara nyingi hakisalii.

Kwa mkulima mdogo wa chai hali ni ngumu zaidi. Malipo yake ya kila mwezi ni kidogo, na tegemeo lake ni bonasi ambayo hutolewa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa Septemba au Oktoba. Kijana anaweza kuanza muhula wa kwanza akiwa na mfuko mnono na kumaliza mwaka akiwa na deni. Akiwa chuoni ambako marafiki hukutana kwa chai ya mandazi, atavumilia. Akiwa ambako marafiki hukutana kwenye maduka makubwa na vilabu, ataanza kujitenga kwa aibu, au kukopa ili asiachwe.

Kwa hivyo, swali la kuwauliza wanafunzi ni hili: mtu asiye na pesa hapa hufanya nini Jumamosi? Jibu likiwa "hulala", hilo ni onyo, liwe limetolewa Nairobi au Kabianga.

Usalama na ugeni

Vyuo vingi vya umma havina vitanda vya kutosha, hivyo wengi hupanga vyumba nje. Hapo maisha ya jamii hukutana na usalama. Msichana ambaye njia yake ya kurudi chumbani hupita katikati ya mashamba yasiyo na taa hatahudhuria mjadala wa saa mbili usiku, hata kama ni mzuri kiasi gani. Mzazi na aitembee njia hiyo kwa miguu giza likiingia. Aulize pia ni nani anayepokea simu usiku mwanafunzi akiugua au akishambuliwa.

Kuna pia suala la ugeni. KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua mahali pa JAB, hupeleka wanafunzi kote nchini. Baadhi ya wazazi wa mbali bado hukumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizokumba pia Kericho na mashamba yake ya chai, na huuliza kimya kimya kama mtoto wao atakuwa salama.

Swali hilo ni halali na linafaa kuulizwa waziwazi. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Lakini dalili za kila siku hufichua mengi zaidi: lugha inayotumiwa mesini na katika mikutano ya wanafunzi, jinsi viongozi wao wanavyochaguliwa, na umbali wa msikiti au kanisa ambalo kijana amezoea. Mwanafunzi kutoka Garissa hapaswi kujifunza Kikipsigis ndipo aelewe tangazo, ingawa akijifunza salamu atapokewa kwa furaha.

Wa kuulizwa

Brosha na maafisa wa chuo hueleza kilichopo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hueleza kinachotumika. Huyu ameshazoea, lakini hajasahau machungu ya mwanzo. Anayefaa zaidi ni yule anayefanana na kijana wako kwa mfuko, jinsia, dini na tabia, kwani mcheshi mwenye pesa hufurahia popote. Asiyeweza kusafiri apige simu kwa waliomaliza shule ya upili ya hapo kijijini. Karibu kila shule ina mmoja chuoni.

Uchunguzi huo ufanywe kabla ya kujaza chaguo za KUCCPS. Baada ya uteuzi hufunguliwa kipindi kifupi cha kuomba uhamisho, lakini hutegemea alama na nafasi zilizopo.

Ni kweli kwamba kozi na karo ndizo za kwanza kuzingatiwa. Hakuna haja ya kuacha udaktari kwa sababu chuo hakina kwaya. Lakini kozi moja inapopatikana katika vyuo viwili au vitatu kwa gharama inayokaribiana, kinachofaa kuamua si ukubwa wa mji bali ni mahali ambapo kijana huyu, kwa pesa alizo nazo, atakuwa na mtu wa kuketi naye jioni mvua ikinyesha. Kuuliza si ujinga, na nauli ya kwenda kuchunguza Jumamosi moja ni ndogo kuliko karo ya mwaka uliopotea.