Mashine ya kupumulia: Hesabu siku, mzazi asikatiwe bima

Je, mzazi wako anaishi Marekani na amepewa mashine ya kumsaidia kupumua anapolala? Muulize leo alianza kuitumia tarehe gani.

Mashine hii husukuma hewa puani ili koo la anayekoroma na kukatikwa na pumzi usingizini lisizibe. Medicare, bima ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, hugharimia kwanza majaribio ya wiki 12. Ili iendelee kulipa, hudai thibitisho la mambo mawili.

Kwanza, mgonjwa aonane na daktari kati ya siku ya 31 na ya 91, naye daktari aandike kwamba amepata nafuu. Kwenda mapema, siku ya 20 kwa mfano, hakuhesabiwi. Akichelewa, bima hulipa kuanzia siku aliyoonana na daktari. Pengo lililotangulia halilipiwi.

Pili, kumbukumbu za mashine zionyeshe kuwa ilitumika angalau saa 4 kila usiku, kwa usiku 21 katika siku 30 zinazofuatana, ndani ya miezi 3 ya kwanza. Asipofikisha, itambidi amwone daktari tena na kupimwa usingizi upya kituoni.

Wazee wengi huivua kwa kuwa inabana uso. Mwambie asiiweke kando; ampigie simu aliyemletea ambadilishie kifuniko. Na miadi ya daktari aiombe siku ile ile mashine inapofika.