Karafuu, Flavonoidi na Maradhi ya Mafigo

Siku hizi yasemwa sana kwamba mimea ina vitu viitwavyo flavonoidi, ambavyo huyalinda mafigo, na kwamba karafuu yetu inavyo. Maneno haya yana ukweli, lakini si ukweli wote.

Kwanza, wanachama wajue kuwa harufu kali ya karafuu si flavonoidi. Hiyo ni yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yatolewayo katika makonyo kule Wawi, Pemba. Flavonoidi ni jamii nyingine, na baadhi yake ndizo zitiazo rangi maua na matunda. Mojawapo, kwasetini, imo katika karafuu, na imo pia katika kitunguu chekundu na chai. Mwaka 1936 mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, na wenziwe walidhani ni vitamini, wakaziita vitamini P. Jina hilo likaachwa baadaye.

Maradhi yenyewe huitwa sepsisi. Mchumaji huanguka mkarafuuni, jeraha likaingia vijidudu, vikapita damuni. Mwili hupigana navyo, na mara nyingine vita hupita kiasi, mwili ukajidhuru wenyewe. Msukumo wa damu hushuka, mafigo yakakosa damu ya kutosha, mkojo ukapungua. Mwaka 2017 ilikadiriwa kuwa watu milioni 11 duniani walikufa kwa mambo ya sepsisi.

Wataalamu wamewajaribu panya kwa kuwatia sumu ya vijidudu. Waliopewa kwasetini, mafigo yao huharibika kidogo kuliko ya wenziwao. Lakini angalieni: mara nyingi panya hupewa dawa kabla ya sumu. Nani katika sisi ajuaye siku atakayoanguka? Tena kipimo ni kikubwa. Miligramu 50 kwa kila kilo ya panya, zikihesabiwa hivyo hivyo kwa mtu wa kilo 60, ni gramu 3. Na kilo nzima ya vitunguu kwa kawaida ina miligramu mia chache tu. Kwa binadamu haijathibitika kuwa dawa ya sepsisi.

Basi jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni siku ile ile. Mgonjwa akitetemeka kwa homa, akapumua mbio, akababaika maneno au akakosa mkojo, apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa za kuua vijidudu hufaa zaidi zikianzwa mapema. Asicheleweshwe nyumbani kwa kunyweshwa maji ya karafuu. Na mtoto asipewe kabisa kunywa mafuta ya karafuu. Wako watoto walioharibika maini kwa hayo. Karafuu ya kutia katika chai na pilau haina neno.