Maji ya Maruku hayana chumvi, yana mlima

Mwaka 2018 shirika la GivePower lilifungua kituo cha kuondoa chumvi huko Kiunga, kaskazini mwa pwani ya Lamu. Kwa paneli za sola za kilowati 50, kiliundwa kutoa takriban lita 75,000 za maji ya kunywa kwa siku. Wenye mitaji wanaovutiwa na biashara ya maji kwa nguvu ya jua wana haki ya kukitaja, ila hesabu yake haihamishiki hadi Maruku, Bukoba, mkoani Kagera. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na kuyapitisha kwa shinikizo kwenye utando unaozuia chumvi hula uniti 3 hadi 4 za umeme kwa mita moja ya ujazo, yaani ndoo 50 za lita 20. Ziwa Victoria ni maji baridi. Kinachogharimu huku ni kuyapandisha. Tuchukulie mwinuko wa mita 200 kutoka ziwani: hata pampu ikipoteza nusu ya nguvu, ndoo hizo 50 zinahitaji uniti 1 tu na ushei. Bado yapo matumizi ya kuchuja na kutia klorini, lakini sehemu kubwa ya umeme wa Kiunga imeokolewa, na fedha ya umeme huo ndiyo inayopaswa kujenga matangi na kulipa mafundi.

Atakayesema Bukoba ni nchi ya mawingu hajakosea, kwani hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Jibu ni tangi: jua likitoka maji yanapanda, likijificha watu wanachota akiba, bila betri za bei kubwa. Pingamizi zito zaidi ni mvua yenyewe. Nani atanunua ndoo ilhali bati lake linatiririka bure na chemchemi iko bondeni? Wengi hawatanunua, na miezi ya mvua mauzo yatashuka huku mshahara wa fundi ukibaki palepale. Hapo ndipo miradi hufia: jua lipo, paneli zipo, pampu imeharibika na mfuko hauna kitu. Tangu RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ianzishwe mwaka 2019, uendeshaji wa maji vijijini umewekwa mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Navisihi vyombo hivyo, pamoja na mwekezaji atakayebisha hodi Maruku: bei ya ndoo ipangwe kwa mauzo ya masika, si ya kiangazi, na ndani yake iwemo akiba ya pampu ijayo. Asiyeweza kuonyesha hesabu hiyo asipewe eneo.